Mkataba wa kampuni ya wahudumu wa wagonjwa nyumbani: je, sheria za Kenya zinamlinda mteja?

Binti Mwatate (Mombasa)

Hamjambo ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaoifahamu sheria, na vilevile wa wale waliowahi kumweka mhudumu wa kumwangalia mgonjwa nyumbani, kwa sababu mkataba niliopewa umenitia wasiwasi na sitaki kuutia sahihi kabla ya kuuelewa.

Mama yetu alipatwa na kiharusi, akalazwa, na sasa daktari anasema anaweza kurudi nyumbani. Upande wake wa kushoto hauna nguvu, hawezi kujigeuza kitandani, kwa sasa analishwa kwa mpira wa puani, na ana mpira wa mkojo ambao haujaondolewa. Kakangu yuko Doha, mimi nafanya kazi ya zamu, na mdogo wetu bado yuko chuoni, kwa hiyo hatuna budi kumtafuta mtu wa kukaa naye usiku na mchana. Pale wodini mtu alitupatia nambari ya kampuni moja, ambayo sitaitaja, na kampuni hiyo ikatuletea mkataba wa Kiingereza wa kurasa kadhaa.

Mkataba unasema kwamba ada ya usajili hairudishwi kwa hali yoyote, na kwamba malipo ya mwezi mzima hutolewa kabla ya mhudumu kufika. Unasema pia kwamba kampuni ni kiunganishi tu baina ya mteja na mhudumu, kwamba mhudumu ni mkandarasi anayejitegemea, na kwa hiyo kampuni haitawajibika kwa hasara, jeraha, wizi wala kifo. Hata hivyo, mteja akimwajiri mhudumu huyo moja kwa moja ndani ya mwaka mmoja baada ya mkataba kumalizika, atailipa kampuni faini ya malipo ya miezi mitatu. Bei nayo inaweza kupandishwa wakati wowote bila notisi, “kulingana na hali ya mgonjwa”.

Jambo jingine ni kwamba mhudumu tuliyeoneshwa alitambulishwa kwetu kama nesi. Nilipoomba kuona leseni yake niliambiwa kwamba ana cheti na uzoefu wa kutosha, na kwamba nisiwe na shaka. Malipo yenyewe tunatakiwa kuyatuma kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Ningependa kujua ni sheria gani hasa inayomlinda mteja katika mambo haya, kama kifungu cha kampuni kujivua lawama kina nguvu yoyote, na kama ingekuwa afadhali tumtafute mhudumu wenyewe tuachane na kampuni. Kakangu anaegemea njia hiyo ya mwisho kwa sababu ni nafuu.

---

Wakili wa Mtwapa

Dada Binti, pole sana kwa kuuguza, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Kenya haina sheria moja iliyotungwa mahususi kwa ajili ya anayemkodi mhudumu wa mgonjwa nyumbani. Ulinzi wako umetawanyika katika sheria kadhaa, na ni ipi itakayokufaa inategemea swali moja ambalo mkataba huo umejitahidi kulikwepa: wewe ni mteja wa kampuni, au ni mwajiri wa mhudumu? Kila jibu lina sheria yake, mahakama yake na gharama zake, kwa hiyo usiliache swali hilo likiwa na utata.

Kampuni ikimchagua mhudumu, ikimpangia zamu, ikipokea pesa zako na kumlipa yeye mshahara, ikimbadilisha anapougua na kumwadhibu anapokosea, basi hiyo ni kampuni inayouza huduma, na wewe ni mteja wake. Mahakama zetu huangalia jinsi uhusiano unavyoendeshwa, wala hazifungwi na jina ambalo mwenye mkataba ameamua kuuita. Kwa upande mwingine, ikiwa kampuni inakuletea mtu, inachukua ada yake mara moja na kuondoka, nawe ndiwe unayemlipa na kumwagiza kila siku, basi hiyo ni kampuni ya kutafutia watu kazi, ambayo inapaswa kusajiliwa kama wakala binafsi wa ajira na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), na wewe unakuwa mwajiri tangu siku ya kwanza. Kampuni yako inataka faida za pande zote mbili: ipokee malipo ya kila mwezi kama mwenye huduma, kisha ijitoe kwenye lawama kama dalali. Waulize kwa maandishi ni nani anayemlipa mhudumu mshahara na ni nani anayewasilisha michango yake ya NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni. Jibu la maswali hayo mawili litakufaa mahakamani kuliko kurasa zote za mkataba.

Sasa tuchukulie kwamba wewe ni mteja. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, kupewa habari zinazomwezesha kufaidika na huduma hiyo, kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro za huduma. Ibara hiyo inawabana watu binafsi na kampuni pia, si mashirika ya serikali peke yake. Chini ya Katiba kuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, ambayo inamhesabu kila anayetoa huduma kuwa amekwisha kuahidi kwamba huduma yake ina ubora unaofaa, hata kama mkataba haukusema hivyo. Sheria hiyohiyo inaeleza kwamba haki zilizomo humo zinabaki palepale hata mteja akiwa ametia sahihi karatasi ya kuziacha. Kwa hiyo kifungu cha “hatutawajibika kwa jeraha wala kifo” hakiwezi kuifuta ahadi ya ubora ambayo sheria imewawekea. Wengi hukiandika kwa sababu wanajua kwamba mteja akikisoma atakata tamaa na hatakwenda popote kulalamika.

Kuhusu kumwita mtu nesi ilhali si nesi, hilo ni zito zaidi ya unavyodhani. Ni taarifa ya uongo kuhusu sifa za huduma, na Sheria ya 2012 inaihesabu kuwa mwenendo usio wa haki. Mkataba ulioingiwa kutokana na mwenendo wa namna hiyo unaweza kuvunjwa na mteja kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu kuuingia, naye ana haki ya kudai alicholipa pamoja na fidia. Maneno “ada hairudishwi kwa hali yoyote” hayana nguvu hapo. Sheria hiyo pia inazingatia hali ya mteja mwenyewe: kama msambazaji wa huduma alijua, au alipaswa kujua, kwamba mteja hawezi kujilinda kwa sababu ya ulemavu, kutojua kusoma au kutoifahamu lugha ya mkataba, mahakama inaweza kuuona mkataba huo kuwa wa dhuluma. Omba nakala ya Kiswahili ikiwa kuna yeyote katika familia atakayetia sahihi bila kukifahamu Kiingereza vizuri.

Bei nayo haiwezi kuachwa ipande kama maji ya bahari. Mkataba ukitaja makadirio ya gharama, mtoa huduma haruhusiwi kukutoza zaidi ya makadirio hayo kwa kiasi kinachopita asilimia 10, isipokuwa mmekubaliana upya kuhusu huduma mpya au ya ziada. Hali ya mama ikibadilika na kuhitaji huduma nyingine, mnaketi na kuandika makubaliano mengine, si kuletewa bili tu. Na penye kifungu chenye maana mbili, sheria inaagiza kichukuliwe kwa maana inayomfaa mteja.

Kifungu cha kumwajiri mhudumu moja kwa moja ni tofauti kidogo. Si batili kwa kuwa tu hukipendi. Kampuni imetumia pesa kumtafuta mtu huyo na kumchunguza, na ni haki ilipwe kitu ukimchukua. Hata hivyo, mahakama haitekelezi adhabu iliyowekwa kwa ajili ya kumtisha mtu; kiasi kinapaswa kulingana na hasara ambayo kampuni inaweza kuipata kweli. Jaribu kujadiliana nao mkubaliane ada ya wazi badala ya faini, na muda mfupi kuliko mwaka.

Ikibidi kudai, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000 yanayotokana na mikataba ya huduma, pamoja na madai ya majeraha, na inapaswa kuamua ndani ya siku 60 tangu madai yafunguliwe. Mombasa inayo. Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili (nasema hili ingawa linaniharibia biashara). Lakini mahakama hiyo haina mamlaka juu ya mizozo ya ajira, na hapo ndipo unapoona kwa nini kampuni inafaidika ukihesabiwa kuwa mwajiri: mgogoro wako na mhudumu utakwenda kwingine, nayo itakuwa imeshatoka nje ya picha. Malalamiko kuhusu matangazo ya uongo unaweza pia kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2010 ina sehemu inayowalinda watumiaji.

Pesa usizitume kwa nambari ya mtu binafsi hata kidogo. Lipa kwa nambari ya biashara yenye jina la kampuni lililo kwenye mkataba, na udai risiti, la sivyo siku ya kesi watakuambia kwamba hawajui ulimlipa nani.

---

Muuguzi Mstaafu, Kisumu

Namshukuru wakili kwa maelezo yake, ila mimi ningeanzia mahali pengine. Sheria nyingi alizozitaja zinafanya kazi baada ya madhara kutokea, na kidonda cha mgongoni cha kulala bila kugeuzwa, kikishafika kwenye mfupa, hakiponeshwi na hukumu. Ulinzi wa kwanza wa mteja ni kujua anahitaji mtu wa daraja gani.

Mama yako, kwa jinsi ulivyomweleza, ana mahitaji ya aina mbili. Yapo ya utunzaji wa kawaida: kuogeshwa, kubadilishwa nguo, kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, kunyooshwa viungo kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo alivyoelekeza. Hayo anaweza kuyafanya mhudumu aliyefunzwa vizuri ambaye si muuguzi. Lakini kuweka mpira wa puani na kuhakikisha kwamba umefika tumboni, kubadilisha mpira wa mkojo, kuosha kidonda kilichochimbika na kudunga sindano ni kazi za kiuguzi. Mpira wa puani ukiwa umepotoka na chakula kikamiminwa, kitaingia kwenye mapafu, na mgonjwa anaweza kufa kabla ya kufikishwa hospitalini. Kwa hiyo yule anayeitwa nesi bila leseni si suala la udanganyifu wa kibiashara tu.

Kuthibitisha ni rahisi. Baraza la Wauguzi la Kenya, lililoundwa chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, lina orodha ya wauguzi wote waliosajiliwa, na unaweza kumtafuta mtu kwenye tovuti yake kwa jina au kwa nambari ya usajili. Usitosheke na kusajiliwa peke yake. Hakikisha pia kwamba leseni yake ya kufanya kazi haijapitwa na wakati, kwa kuwa inapaswa kuhuishwa. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha taifa cha mtu aliyesimama mbele yako, maana nimewahi kuona leseni halali mikononi mwa mtu ambaye si mwenyewe. Muuguzi wa kweli hakasiriki akiombwa nambari yake. Anayejifanya muuguzi bila kusajiliwa anavunja sheria, na Baraza hupokea malalamiko ya namna hiyo, pamoja na malalamiko dhidi ya wauguzi halali waliokiuka maadili.

Mhudumu asiye muuguzi hayumo katika orodha hiyo, na hapo ndipo familia nyingi hubabaishwa kwa vyeti vyenye mihuri mizuri. Muulize alisomea wapi, kwa muda gani, alifanya mazoezi katika wodi gani, na ni chombo gani kilichomtahini, kisha upige simu chuoni wewe mwenyewe. Omba cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai (DCI), na uzungumze na familia aliyoihudumia mwisho, si na mtu ambaye kampuni imekupa nambari yake bila kukueleza uhusiano wao. Zaidi ya yote, mwombe amgeuze mama mbele yako. Anayejua kazi utamwona akipanga mito kwanza, akamweleza mgonjwa anachotaka kufanya, kisha akaushika mwili pale panapostahili. Asiyejua atamvuta kwa mkono ulio dhaifu.

Kwa familia ambayo haina uwezo wa kumlipa muuguzi wa kila siku, nimeona mpango huu ukifaa: mhudumu wa kawaida anakaa na mgonjwa, na muuguzi aliyesajiliwa anapita kwa siku zilizopangwa kubadilisha mipira, kukagua ngozi na kumwelekeza mhudumu. Uandikwe kwenye mkataba ni nani anafanya nini, kwa sababu likitokea kosa, kila mmoja atasema ilikuwa kazi ya mwenziwe. Kuwe pia na daftari la kila siku linalobaki nyumbani, ambamo huandikwa saa za dawa, kiasi cha chakula, mkojo, kugeuzwa na hali ya ngozi, na kila anayeandika atie sahihi. Daftari hilo linamlinda mgonjwa, na linamlinda hata mhudumu mwema anayesingiziwa. Na Binti, lisome kila jioni, hata ukitoka zamu umechoka. Nimeona madaftari yaliyojazwa ya wiki nzima kwa kalamu moja na mwandiko wa siku moja, na hakuna aliyegundua mpaka mgonjwa aliporudishwa wodini.

---

Baba Rehema (Nakuru)

Naomba nichangie upande wa kuajiri moja kwa moja, kwa kuwa ndio tulioufuata tulipokuwa tukimuuguza baba mkwe. Ni kweli mshahara wote unamfikia mhudumu na familia hailipi faida ya kampuni. Lakini kakako asidhani kwamba gharama zinaishia kwenye mshahara.

Mhudumu wa nyumbani ni mwajiriwa kamili kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuandikwa. Hata ukisema ni kibarua unayemlipa kwa siku, akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, sheria inamgeuza kuwa mwajiriwa wa mwezi. Ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na likizo ya ugonjwa baada ya miezi miwili ya kazi. Kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28 ikiwa analipwa kwa mwezi, na ukimtuhumu kwa kosa, unapaswa kumweleza na kumsikiliza akiwa na shahidi wa kuchagua mwenyewe. Ukimfukuza mlangoni kwa hasira, atakushtaki na huenda akashinda, hata kama kosa alilitenda.

Michango pia ipo: NSSF kwa pande zote mbili, asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa bima ya afya ya SHA, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwake na asilimia 1.5 nyingine kwa mwajiri. Kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa kiliwekwa Sh16,113.75 katika agizo la 2024, ingawa mhudumu aliyefunzwa hatakubali kiasi hicho, na sioni kwa nini akubali.

Ambalo familia hulisahau ni kuumia kwa mhudumu mwenyewe. Kumwinua mtu mzima asiye na nguvu upande mmoja huvunja migongo ya watu. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo wengi huijua kwa jina la WIBA, inamtaka mwajiri kumfidia mfanyakazi anayeumia kazini na kumkatia bima. Kampuni nyingi za bima huuza bima ya nyumba ambayo unaweza kuiongezea wafanyakazi wa nyumbani, kwa hiyo kama mna bima hiyo, ulizeni kama mhudumu anaingia.

Na kuhusu “usiku na mchana”, hakuna mtu mmoja anayeweza kufanya hivyo. Kanuni za mishahara zinaweka wiki ya kazi isiyozidi saa 52 katika siku sita kwa kazi ya mchana, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mgonjwa wa kugeuzwa kila saa mbili usiku kucha anahitaji watu wawili wanaopokezana. Kampuni ikikuambia kwamba mtu mmoja anatosha, mjue kwamba mama atakuwa mikononi mwa mtu anayesinzia.

---

Binti Mwatate (Mombasa)

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Shikamoo Mama Muuguzi, nimelitafuta jina la yule dada kwenye tovuti ya Baraza na sikulipata. Kampuni nilipoiuliza ikasema kwamba “nesi” ni jina wanalolitumia kwa wahudumu wao wote.

Nina swali moja zaidi, pamoja na jambo la kueleza. Kwenye ukurasa wao wa mtandaoni nimeona picha za wagonjwa wazee wakiwa vitandani, sura zao zikionekana, na mkataba una sentensi ndogo inayosema mteja anaridhia picha zitumike kwa matangazo. Mama hawezi kuzungumza vizuri kwa sasa. Je, naweza kuikata sentensi hiyo? Na mkataba uwe kwa jina la nani, langu, la kaka anayelipa, au la mama?

---

Mlezi wa Sacramento

Mimi ni Mkenya ninayefanya kazi hii ya kuwatunza wazee huku California, na wengi tunaotoka Afrika Mashariki tumeingia kwenye kazi hii. Nachangia kwa sababu huku yapo masharti yaliyotungwa mahususi kwa jambo mnalolijadili, na mengine Binti anaweza kuyadai kama vipengele vya mkataba hata kama sheria ya nyumbani haijayataja.

California ilipitisha mwaka 2013 sheria ya kumlinda mtumiaji wa huduma za nyumbani, nayo ikaanza kutumika Januari 2016. Kampuni yoyote inayopeleka wahudumu majumbani lazima iwe na leseni ya Idara ya Huduma za Jamii ya jimbo. Lazima iwe na bima ya dhima, yaani ya kuwalipa wanaoumizwa au kupata hasara kwa kosa lake, ya angalau dola milioni 1 kwa kila tukio na milioni 3 kwa jumla, pamoja na dhamana ya angalau dola 10,000 dhidi ya wizi wa wafanyakazi wake. Sisi wahudumu tunachukuliwa alama za vidole ili rekodi zetu za uhalifu zichunguzwe, tunapimwa kifua kikuu, na tunapewa mafunzo ya saa 5 kabla ya kuanza na saa 5 nyingine kila mwaka. Majina yetu yamo katika orodha ya umma, na familia inaweza kuangalia kama usajili wa mtu bado una nguvu.

Msiione kama pepo, hata hivyo. Saa 5 za mafunzo ni chache mno, na mhudumu anayeajiriwa na familia moja kwa moja halazimiki kujisajili. Anaweza tu akitaka. Kazi za kiafya zimetengwa: msaidizi wa afya ya nyumbani anayefanya kazi chini ya muuguzi anahitaji cheti cha mafunzo ya saa 120, na kampuni inayomtuma iko chini ya idara nyingine, ile ya Afya ya Umma. Mimi nisiye na cheti hicho siruhusiwi kuugusa mpira wa puani hata familia inisihi vipi, nami hushukuru kwamba sheria inanipa neno la kukataa. Mhudumu wa Mombasa anayeambiwa na bosi wake “wewe fanya tu” hana ngao hiyo.

Kwa hiyo, Binti, iombe kampuni ikuoneshe bima yake ya dhima na tarehe ya kumalizika kwake. Kampuni iliyojivua lawama zote kwenye karatasi mara nyingi haina bima, na hata ukiishinda mahakamani huenda usipate cha kukamata.

---

Wakili wa Mtwapa

Nakubaliana na Muuguzi kwamba uchunguzi wa mwanzo ni bora kuliko kesi, na hoja ya bima kutoka Sacramento ningeitanguliza mimi mwenyewe.

Kuhusu picha, ikate sentensi hiyo kwa kalamu, utie sahihi pembeni na umtake mwakilishi wa kampuni naye atie yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na ridhaa inapaswa kutolewa kwa hiari na kwa jambo mahususi. Ridhaa iliyofichwa katikati ya mkataba wa huduma, ikitolewa na mtu mwingine kwa ajili ya matangazo, ni dhaifu sana. Picha ikitumika bila idhini, malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamhakikishia mgonjwa usiri wa habari za matibabu yake.

Jibu walilokupa kuhusu “nesi”, kama walilituma kwa ujumbe wa simu, lihifadhi. Ni kukiri kwao wenyewe kwamba wanalitumia jina la taaluma kwa watu wasio na leseni ya taaluma hiyo.

Ukiamua kuendelea na kampuni hii au nyingine, dai yaandikwe haya: kwamba mhudumu ni mwajiriwa wa kampuni, nayo ndiyo inayobeba mshahara, michango na WIBA yake; kwamba kampuni inawajibika kwa uzembe na wizi wa watu wake; jina na sifa za kila atakayeingia nyumbani, pamoja na nambari ya usajili ikiwa ni muuguzi; kwamba mhudumu asiyefaa atabadilishwa ndani ya muda uliotajwa, au mteja arudishiwe pesa za siku ambazo hazijatumika; na kwamba mabadiliko yoyote ya bei yatakubaliwa kwa maandishi. Malipo ya mwezi mzima kabla ya huduma unaweza kuyapinga pia. Pendekeza kulipa kwa wiki mbili mbili, na kampuni inayojiamini haitakataa.

Kuhusu jina, mkataba uwe kwa jina lako na la kakako kama wateja, na mama atajwe kama anayepokea huduma. Hivyo yeyote kati yenu anaweza kufungua madai, na wewe uliye Mombasa hutalazimika kumngoja kaka arudi kutoka Doha. Ukiwekwa kwa jina la mama peke yake, ilhali hali yake haimruhusu kuuelewa, kampuni inaweza kusema hakukuwa na mkataba, nanyi mtalazimika kwanza kuithibitishia mahakama kwamba mna mamlaka ya kumsemea. Hata hivyo, kama mama anaelewa anachoambiwa na anaweza kuitikia kwa kichwa au kwa mkono, aulizwe kabla ya mhudumu kuletwa, na ridhaa yake iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari la Muuguzi, mbele ya shahidi.